Bi Harusi wa Chumba cha Seva

Kila asubuhi kabla ya kengele, Raihana alifungua chumba cha seva cha shule yao, kule Kinyinya, akapangusa vumbi la ujenzi. Humo zilinguruma seva mbili nzee, nzito kama makabati, ambazo aliziita mabibi. Alizipenda kwelikweli. Ndani ya kila bibi ziliishi kompyuta kadhaa zisizo na umbo, za programu tupu: moja ya maktaba, moja ya mitihani. Bibi mmoja akichoka, zilihamia kwa mwenzake bila hata kuzimwa.

Wiki hiyo ikaletwa seva mpya, nyembamba na yenye kasi. Mwalimu Akoth, mlezi wa klabu ya kompyuta, akacheka.

"Haya, tumepata bi harusi! Lakini tumwekee kikomo kwanza, atumie zile mbinu tu ambazo mabibi wanazijua. La sivyo, kompyuta itakayowashwa kwake haitaweza kurudi kwao ikiwa kazini. Raihana mwanangu, weka kikomo hicho, kisha uiwashe ile ya mitihani."

Mwalimu akaitwa ofisini. Raihana akakitazama kile kikomo, akasonya. Kasi yote ile ifungwe? Makubwa haya! Akaruka hatua hiyo, akaiwasha kompyuta ya mitihani kwenye seva mpya. Ikafunguka kufumba na kufumbua.

"Tayari, Mwalimu!" Raihana alimwambia Akoth aliporudi. "Na kikomo nimeweka."

Mchana, darasa la sita liliketi kufanya mtihani wa hesabu kwenye kompyuta. Mdogo wake Raihana, Swafiya, alikuwamo. Wiki nzima alikuwa akifanya mazoezi ya hesabu za sehemu hata akila, mpaka mama yao akamnyang'anya daftari. Sasa alimpungia dada yake mkono, meno yote nje.

"Mafundi wa umeme watakuja mtihani ukiendelea," Mwalimu Akoth alimwambia Raihana. "Watamzima bi harusi wabadilishe waya wake. Nitahamisha mitihani kwa mabibi, na watoto hawatajua lolote."

Raihana akakikumbuka kile kikomo. Haitahama! Itazimika, na majibu ya Swafiya yatapotea. Lakini akisema, atanyang'anywa ufunguo wa chumba anachokipenda kuliko vyote. Akamtazama mdogo wake akichonga penseli ya hesabu za pembeni. Machozi yakamlengalenga.

"Mwalimu, nimekudanganya. Sikuweka kikomo."

Akoth alitazama saa. Kisha akageukia darasa. "Wanangu, tusubiri kidogo."

"Yoo, Mwalimu!" walilalamika.

Wawili hao wakaizima kompyuta ya mitihani, wakaweka kikomo, wakaiwasha upya. Mtihani ukaanza. Mafundi walipofika, kompyuta ile ilihamia kwa mabibi polepole, na Swafiya hakuinua hata kichwa.

Jioni Raihana alimnyooshea mwalimu ufunguo, macho chini.

"Bi harusi mwenye busara," alisema Akoth kwa upole, "hutazama kwanza wenyeji wanavyopika. Si kwamba hajui kupika. Anataka wale pamoja. Mwenye nguvu huenda kwa mwendo wa wenzake. Na mficha maradhi, kifo humuumbua. Ungenyamaza, wangeumia watoto wasio na kosa. Umesema mapema, ndiyo maana tumepata dawa."

Akaukunja mkono wa Raihana juu ya ufunguo.

"Kesho uwahi. Bi harusi naye ameshaanza kushika vumbi."