Rejeo la Thelathini na Moja

Yamaha ilikuwa mbele yake mita mia mbili.

Kipketer alikanyaga mafuta. Peugeot 504 ikakohoa, kisha ikakubali. Sindano ikapanda hadi mia moja na ishirini. Barabara ilikuwa na mashimo, na Kipketer alikuwa na miaka arobaini na sita na mgongo mbovu. Kila shimo alilihisi.

Hakuwa amelala tangu Jumatatu. Leo ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na nne Juni, 1989.

Karibu na Kamukuywa, trekta la miwa liliziba njia. Yamaha ikapunguza mwendo. Kipketer akaipita kulia, akaikata mbele, akafunga breki. Pikipiki ikalala. Mwendeshaji akateleza hadi kwenye nyasi.

Alipoinua kichwa, bastola ya Walther PPK ilikuwa inamtazama.

"Bahasha."

"Mzee, mimi ni tarishi tu, bana."

"Sijakuuliza kazi."

Ndani ya bahasha kulikuwa na kurasa ishirini na mbili. Makala ya jarida la kisayansi, kuhusu kuvu wa mahindi. Mwandishi: Dakta Henk Kroonen, mzungu mwenye mradi mdogo wa utafiti Bungoma. Hii ilikuwa nakala ya kaboni. Juu yake tajiri mmoja wa malori wa Kitale alikuwa ametia sahihi kwamba nakala ya kwanza ameipokea.

Kipketer, mpelelezi wa serikali, alikuwa amemfuata Kroonen tangu Januari. Katika muda huo malori matano ya bunduki yalivuka mpaka na kupotelea mashambani. Kila mara Kipketer alifika siku moja baadaye.

Kila mara aliandika ripoti.

Alimfunga tarishi pingu, akamkabidhi kwa polisi wa Kamukuywa, akachukua redio ya Motorola.

"Kituo, hapa Saba-Tatu. Nina karatasi za Kroonen. Naona mahindi tu."

"Angalia mwisho. Kuna herufi za aliyepiga chapa?"

"Zipo."

"Ni mwanamke anaitwa Nasambu. Ana ofisi ya chapa hapo Bungoma. Yuko ndani ya mambo haya. Mlete Nairobi leo."

"Huenda ni mpiga chapa tu."

"Atatueleza huku. Mwisho."

Kipketer alikujua huko. Alikuwa ameshapeleka watu wanne. Mmoja tu ndiye aliyerudi, na siku hizi hakumbuki majina ya watoto wake.

* * *

Ofisi ilikuwa nyuma ya duka la majembe. Meza moja, taipureta ya Olympia, mwanamke wa makamo mwenye miwani.

Kipketer aliweka makala mezani. Juu ya makala akaweka pingu.

Nasambu alizitazama bila kuzigusa.

"Hizi ni za nani?"

"Zako, Mama Nasambu. Nimetumwa nikupeleke Nairobi."

"Kwa kosa gani?"

"Hii makala."

"Hiyo nimeipiga mara sita, afande. Kama kuichoka ni kosa, nifunge." Sauti yake ilikuwa tulivu. "Nina watoto watatu. Saa kumi wanatoka shule. Nani atawafungulia mlango?"

Kipketer alivuta kiti akakaa.

"Mara sita kwa nini?"

"Si umuulize yeye? Kila mwezi anakuja, ati jarida limerudisha. Lakini maneno ni yale yale. Hata koma hajagusa. Anaongeza rejeo moja tu kule mwisho."

"Rejeo ni nini? Mimi niliachia darasa la saba."

Nasambu akamtazama kama mwanafunzi mzito.

"Ukichukua neno la mtu mwingine, unaweka namba hapo hapo. Halafu nyuma, kwa namba hiyo, unaandika ni nani, mwaka gani, juzuu, toleo, ukurasa. Msomaji akienda kutafuta, apate."

"Sawa."

"Nilifundishwa na padre mmoja mkali sana. Kila namba ya nyuma lazima iwe na mwenzake mbele. Mimi natia alama kwa penseli, moja moja." Akafungua ukurasa wa mwisho. "Ona. Moja hadi ishirini na tano ziko sawa. Ishirini na sita hadi thelathini na moja hazijatajwa popote. Nilimwambia. Akacheka, akasema, mama, wewe piga tu."

Kipketer aliacha kuegemea.

"Zinasemaje?"

"Ati ripoti za shamba. Hii ya kwanza ni ya Kabuchai. Juzuu la tisa, toleo la kwanza, ukurasa wa 1715. Ripoti gani ya shamba ina kurasa elfu moja mia saba? Hiyo ni Biblia na vitabu vya nyimbo."

Tarehe tisa. Mwezi wa kwanza. Saa 17:15, kumi na moja na robo jioni. Kabuchai.

Tarehe kumi Januari Kipketer alisimama Kabuchai akiangalia alama za matairi kwenye tope.

"Soma nyingine."

Akasoma. Ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Kila moja ilikuwa siku ambayo Kipketer alichelewa.

"Na ya mwisho?"

"Naitiri. Juzuu la kumi na nne, toleo la sita. Ukurasa wa 1630."

Leo. Saa kumi na nusu jioni.

Saa yake ya Casio ilisema saa saba na dakika kumi.

Alizichukua pingu.

"Sasa mimi?" Nasambu aliuliza.

"Kaa hapa. Lori likikosekana, nitarudi na hizi. Sikudanganyi."

"Basi endesha haraka."

* * *

Hakuita Kituo. Kituo kingeuliza habari za mwanamke. Alichukua askari wanne wa utawala wenye bunduki za G3, akawalaza nyuma ya ghala la mahindi pembeni mwa soko la Naitiri.

Saa kumi na dakika ishirini na nane, Land Rover ya Kroonen ikaingia.

Saa kumi na nusu kamili, lori la Bedford lenye magunia likafuata.

"Sasa."

Dereva wa lori alifyatua mara tatu. Risasi moja ikatoboa rejeta ya Peugeot. Askari wakajibu. Dereva akatupa bastola, akalala chini mwenyewe.

Chini ya magunia kulikuwa na AK-47 sitini, zikiwa bado na grisi.

Kroonen alishuka mikono juu.

"Mimi ni mtafiti," alisema. "Nina makala inakwenda kuchapishwa."

"Mpiga chapa wako ana swali," Kipketer alisema. "Hilo rejeo la thelathini na moja umelitaja wapi?"

Akamvuta mikono nyuma. Pingu zikamtosha.

Redio.

"Kituo, hapa Saba-Tatu. Lori tumelishika. Kroonen ninaye."

"Safi. Na yule mwanamke?"

"Ndiye aliyezisoma namba za makala. Ni shahidi wangu."

"Amri haijabadilika. Mlete."

Kipketer alifumba macho kidogo. Alikuwa amechoka na magari, na redio, na huko Nairobi.

"Kituo, mahakamani nani ataeleza hizi namba? Wewe?"

Akaendelea kabla hawajajibu.

"Mimi siwezi. Na ripoti sijaandika. Ataipiga yeye kesho, kwa mashine yake, ameketi kwenye kiti chake. Akikosekana hapo, hakuna ripoti. Bila ripoti hamna kesi, na mzungu atapanda ndege Ijumaa."

Akaachia kitufe cha redio.

"Lete ripoti, Saba-Tatu. Mwisho."

Akazima redio.

"Afande, gari lako linamwaga maji," askari mmoja alisema. "Utaenda na nini?"

Kipketer alitia mkono kwenye mfuko wa shati la Kroonen, akatoa funguo za Land Rover.

Akatembea polepole hadi kwenye gari. Kulikuwa na mtu Bungoma wa kuambiwa afunge ofisi, aende kwa watoto wake.