Mayai Yasiyo na Macho

Peugeot 504 ya mpelelezi Bichage iliikata kona ya Rongo nusura ipinduke.

Mbele yake, pikap ya Datsun ilikuwa mbioni kuelekea Migori. Nyuma ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu: MWENYE WIVU AJINYONGE.

Bichage aliyasoma maneno hayo, akakanyaga mafuta.

"Mkuu, nimempata," alisema kwenye redio ya Motorola. "Ni Hamud."

"Nilikutuma kwa yule mzungu, Lindqvist."

"Hamud ndiye anayembebea mzigo."

"Una hakika?"

"Asilimia mia."

Hakuwa na hakika hata ya asilimia kumi. Alichokuwa nacho ni wivu, tangu aliposikia kwamba Rispa, mchumba wake wa zamani, ataolewa na muuza nyavu huyu.

Usiku uliopita maabara ya Rispa kule Homa Bay ilivunjwa. Mwizi alichukua mayai ya ngege na diski moja ya kompyuta. Samaki huyo wa asili alikuwa karibu kwisha ziwani. Ndani ya diski mlikuwa na nakala ya hesabu ambazo Rispa alizihangaikia miaka mitano: ukiiambia kompyuta joto la maji, inakuonyesha jinsi kiinitete kitakavyokua ndani ya yai, saa kwa saa, mpaka kitotolewe. Mgeni akivuka mpaka wa Isebania na vitu hivyo, kesho atatuuzia samaki wetu wenyewe.

Bichage aliipita pikap, akaiziba njia. Beretta mkononi.

"Shuka!"

Hamud alishuka, mikono juu. Kanzu safi, sura nzuri. Ile sura ndiyo iliyomuudhi zaidi Bichage.

Kwenye kiti mlikuwa na kasha la barafu. Ndani, mayai.

"Nimeyatoa kisiwani Takawiri leo asubuhi, bwana. Nampelekea mtaalamu mwenzake Rispa, hapo Migori."

"Utamwambia hakimu."

Bichage aliita maabara kwa redio. Alitaka Rispa asikie mwenyewe.

"Rispa, mwizi wako ninaye. Mchumba wako."

Sauti ikaja, kavu.

"Hizo mayai ziko na macho?"

"Nini?"

"Angalia, Bichage. Na uniambie joto ya maji."

Alichomoa kalamu yake yenye lenzi, ile ya kuchungulia nyaraka za siri. Punje za manjano, tupu. Kipimajoto cha ndani ya kasha kilisema ishirini na saba.

"Ishirini na saba. Hazina macho."

"Basi ni za leo. Zile zimeibiwa zilitagwa juzi. Kwa hiyo joto, hesabu inasema saa hii ziko na macho. Omera, ndugu, umeshika mtu wangu bure!"

Land Cruiser nyeupe ilipita kasi. Dereva, mzungu mwenye kofia, aliwapungia mkono.

Lindqvist.

Bichage alihisi uso ukimwaka kwa aibu.

"Rispa, nisaidie. Lindqvist amenipita sasa hivi. Atasimama wapi?"

Vidole viligonga kompyuta.

"Kwa hii jua, gari itazipika kabla ya Isebania. Lazima anunue barafu. Iko kwa wauza samaki wa Migori tu."

"Nifuate," Bichage alimwambia Hamud.

Walimkuta Lindqvist amekumbatia bonge la barafu nje ya duka. Alimwona Bichage, akaliachia, akapeleka mkono kiunoni. Bichage alimfikia kabla bastola haijatoka.

Ngumi moja. Ya pili ilikuwa ya mambo mengine.

Msaidizi wa Lindqvist, aliyebaki garini, aliwasha Land Cruiser akimbie, lakini Hamud alikuwa amekwisha kuegesha pikap nyuma yake. Diski ilikuwa chini ya kiti. Bichage alifunua kasha, akachungulia kwa lenzi. Vidoa vyeusi, viwili viwili, vilimtazama.

Redio ililia.

"Hamud yuko sawa?"

"Yuko sawa."

"Na mayai?"

"Yako sawa. Yana macho."

"Nyasaye ni mkubwa! Mwambie aniletee hizo mayai pole pole."

Redio ikanyamaza. Bichage alingoja kidogo, labda kuna swali lingine.

Alimkabidhi Hamud kasha, akavaa miwani yake ya Ray-Ban.

"Na mimi niko sawa," aliiambia redio iliyozimwa, akatembea taratibu hadi kwenye Peugeot. Alipita nyuma ya pikap bila kuyasoma yale maneno.