Lorelyn Alisema "Karon"

—Bebing, niunganishe na Bacolod sasa hivi!

—Junrey, wimbo unaisha. Tunarudi hewani.

—Ndiyo maana. Niunganishe hewani.

Bebing, fundi mitambo wa redio ile ndogo ya Dumaguete, alivua vipokea sauti akamtazama mtangazaji wake.

—Umeumwa na nini leo?

Junrey akamsogezea simu. Ujumbe ulikuwa wa Lorelyn, mwimbaji aliyeishi Bacolod, ng'ambo ya milima: "Mtu wa kampuni ya Manila anakuja leo na mkataba. Wanataka nihamie kule, niimbe Kitagalogi, lugha yao. Lazima nijibu leo leo. Nifanye nini, Junrey?"

—Na wewe ukamjibuje?

—Nilimwandikia, "Fanya linalokufaa."

—Linalokufaa! Mwanamke anakuuliza kuhusu maisha yake, unamjibu kama karani wa posta!

Na kweli, Junrey Catubig alikuwa mtu wa ajabu. Kwenye kipaza sauti alikuwa simba. Mkuu wa kituo alipomwambia kuwa nyimbo za lugha za hapa kisiwani Negros hazina msikilizaji, alizipiga hivyohivyo kila asubuhi, mpaka wauza samaki sokoni wakawa hawafungui biashara kabla ya kipindi chake. Kampuni zilipokataa kuwarekodi waimbaji hao, alianzisha lebo yake, Tambis Rekodi, katika chumba cha nyuma cha wazazi wake. Ukutani alibandika trei za mayai ili kelele za kuku wa jirani zisiingie. Lakini kumwambia Lorelyn Gequillana, sauti nzuri kuliko zote za lebo hiyo, kwamba anampenda? Hapo simba alikuwa panya.

Kila mtu alijua. Mama yake alijua, maana Lorelyn akija kurekodi, Junrey alikuwa akimpa kipande cha samaki kisicho na miiba na yeye kubaki na kichwa.

Bebing akapiga simu Bacolod, taa nyekundu ikawaka.

—Lorelyn, uko hewani. Nusu ya Negros inakusikia.

—Mungu wangu, Junrey! Sijachana hata nywele!

—Redio haina macho. Nisikilize. Ule ujumbe wangu ulikuwa wa mtu mwoga, ufute. Nakupenda. Nakupenda tangu ile siku uliyorekodi una mafua ukakataa kwenda kulala. Nije na wazazi wangu tulete posa?

Bebing alishika mdomo. Upande wa pili ukasikika mlango wa gari, kisha sauti ya mama mtu mzima: "Lorelyn! Mgeni wa Manila ameshafika!"

—Karon, langga —Lorelyn akasema haraka, kwa sauti ya chini. —Karon!

Simu ikakatika.

Kwa watu wa Dumaguete, wanaosema Kibisaya, karon ni neno moja lenye maana moja: sasa.

—Amesema sasa! —Junrey aliruka mpaka kiti kikaanguka. —Bebing, amesema sasa! Tena ameniita mpenzi!

—Basi umesimama hapa unangoja nini?

Simu za kituo zikalipuka.

—Junrey, mimi Manang Itang wa nguruwe wa kuchoma. Ninaye mmoja anatoka motoni. Mchukue!

—Huyo aliyemwagiza atakula nini?

—Atakula samaki. Harusi ni harusi!

Mwoka mikate akatoa gari lake la kusambazia mikate. Mwalimu mstaafu alileta shada la maua aliyoyakata uani kwake, akaondoka bila hata kutaja jina. Kabla jua halijapanda sana, Junrey, mama yake na baba yake, Mzee Imo, walikuwa wanaikwea milima kuelekea Bacolod, nguruwe amelazwa nyuma juu ya majani ya migomba.

—Baba, maneno ya posa unayakumbuka?

—Nayakumbuka. Ila hizi kona zitayatoa pamoja na kifungua kinywa.

Walipoingia uani kwa kina Lorelyn, mama yake, Nenita, alitoka na vibano vya nywele kichwani.

—Nyinyi ni nani? Na huyo nguruwe ni wa nani?

—Ni wa kwenu, Mama. Tumeleta posa.

—Posa? Leo?

Lorelyn akatokea mlangoni. Nyuma yake, mezani, alikaa bwana mmoja aliyevaa nadhifu, kalamu mkononi, karatasi mbele yake, bado akingoja sahihi. Junrey aliiona ile kalamu, furaha yote ikamshuka miguuni.

—Kumbe. Uliniita nije nione ukitia sahihi?

—Nani amekuita?

—Wewe! Hewani! Umesema karon!

—Ndiyo, nimesema karon! Karon, Junrey! Mgeni alikuwa anashuka kwenye gari, nikakwambia karon!

—Basi nimekuja karon!

—Hujaja karon, umekuja sasa hivi!

Wakatazamana. Aliyeanza kucheka ni Mzee Imo, ingawa alikuwa amekaa kwenye ngazi, uso umempauka kwa kona za mlimani.

—Binti, huku kwenu, mkisema Kiilonggo, karon ni lini?

—Ni baadaye, Baba. Nilimaanisha tutaongea mgeni akiondoka.

—Baadaye! —Mzee Imo akamgeukia mwanawe. —Tumebeba nguruwe tukavuka milima kwa ajili ya baadaye!

Junrey alijipiga kofi kwenye paji la uso. Miaka yote ya kumrekodi Lorelyn, neno hilo alilijua vizuri. Ila siku hiyo moyo wake ulisikiliza kwa masikio ya nyumbani. Mama Nenita alicheka mpaka kibano kikadondoka. Ila bado akicheka, alikwenda kulowesha taulo kwa maji baridi, akamwekea Mzee Imo shingoni taratibu, bila kuulizwa.

Bwana wa Manila, Villaflor, akasimama kumpa mama yake Junrey kiti chake.

—Nisamehe, Lorelyn —Junrey akasema. —Nimekuaibisha mbele ya mgeni wako. Tutaondoka. Na ukitia sahihi, nitaendelea kupiga nyimbo zako kila asubuhi. Fanya linalo...

—Usithubutu!

—Nini?

—Usithubutu kulimaliza hilo neno! Kila siku unawasemea waimbaji, unawasemea wauza samaki, na leo umenisemea mimi mbele ya nusu ya kisiwa. Hebu jisemee wewe! Wataka nini?

—Mimi...

—Ndiyo, wewe! Kipaza sauti hakipo. Sema!

—Nataka ubaki. Nataka uimbe kwa lugha yako, na nataka kila asubuhi nikukute mezani. Siyo kwa ajili ya lebo. Kwa ajili yangu.

—Haya. Kumbe una ulimi.

Lorelyn akamgeukia Villaflor.

—Bwana, mlinifuata kwa ajili ya wimbo gani?

—Ule wa mvua. Mzuri sana. Tutautia maneno ya Kitagalogi.

—Niliuimba kwa maneno aliyonibembelezea mama yangu. Mkiondoa maneno hayo, mtabaki na nini?

Villaflor alifikiri. Hakuwa mtu mbaya. —Tutabaki na mvua tu —akasema, akafunika kalamu yake.

—Lorelyn! —Mama Nenita akashtuka. —Manila hiyo, mwanangu!

—Mama, naijua. Lakini na wewe Junrey, usicheke bado. Sirudi kwako kuwa mwimbaji wako. Nusu ya Tambis Rekodi iwe yangu. Nani arekodiwe, tuamue wote. Jina langu liwekwe mlangoni.

—Liwekwe juu ya langu!

—Na chumba kitafutiwe kitu kingine cha kuzuia kelele, hizo trei zinanuka mayai.

—Nitazing'oa kesho!

Mzee Imo akainuka, taulo bado shingoni.

—Binti, kwa hiyo hii posa tuilete lini?

—Leo, Baba. Sasa hivi, kwa lugha zote mbili.

Mama Nenita akaanza kuvua vibano kimoja kimoja.

—Bwana Villaflor, usiondoke na njaa. Nishikie huyu nguruwe upande wa miguu.

Wakamwinua pamoja. Hapo simu ya Junrey ikaita.

—Junrey! —Bebing alikuwa anapiga kelele. —Watu wamejaa hapa kituoni mpaka barabarani, wanataka jibu! Uko hewani, sema kitu!

Junrey alifungua mdomo. Machozi yalimtangulia. Lorelyn akaichukua simu mkononi mwake.

—Hamjambo, Negros. Anayezungumza ni Lorelyn Gequillana, mwenye nusu ya Tambis Rekodi. Ile nusu nyingine inalia. Ipeni muda.