Kitoto cha Kumi cha Nguruwe

Haya niliambiwa na Mama Wacuka, jirani yetu hapa Kitengela, Jumapili iliyopita tukichambua mboga.

Kila asubuhi kabla ya shule, binti yake Wacuka hufagia banda la nguruwe. Nguruwe wao alikuwa amezaa watoto tisa. Siku ya tatu mama alihesabu kumi, akacheka. "Aki mimi nazeeka! Kumbe ni kumi?"

Wacuka aliendelea kufagia. Wa kumi alikuwa mdhaifu, wa nguruwe wa kina Ann, rafiki yake, aliyezaa watoto wengi kuliko chuchu zake. Ann alimpa Wacuka, naye akamleta ndani ya sweta, akamweka kwa nguruwe wao mwenye maziwa tele.

Baada ya siku mbili wote walianza kuhara maji ya manjano. Mama aliwapa dawa, lakini wawili wakafa. Ndipo akamwita Daktari Nasike wa mifugo.

"Dawa hii ni ya bakteria, na ni nzuri," daktari alisema. "Mbona haisaidii? Kuna mnyama mgeni ameingia hapa?"

"Hakuna, daktari. Wote ni wetu."

Wacuka, aliyekuwa amesimama kando, aliwaza. Akisema, mama atawaka. Akinyamaza, wale wanane watakufa.

"Mama, hujazeeka," alisema polepole. "Wa kumi nilimtoa kwa kina Ann. Nilimhurumia."

"Wacuka! Na vile nilishuhudia kanisani ati Mungu ameniongezea mmoja!"

Daktari alicheka, kisha akachukua kinyesi kwenda kukipima. Kesho yake alirudi na jibu.

"Ni magonjwa mawili yanayosaidiana. Kirusi kilikuja na huyu mgeni, kikaharibu ukuta wa utumbo. Bakteria waliokuwa kwenye sakafu yenu yenye unyevu wakapata mlango. Dawa inaua bakteria, lakini kirusi haikiwezi. Wapeni maji ya chumvi na sukari, joto na usafi, mpaka miili yao ishinde."

Huyo Wacuka alifanya kazi! Jumamosi nzima, kila nusu saa, alimnywesha kila mmoja kwa kijiko. Alikausha sakafu, akatandika nyasi kavu, akaosha mikono na buti kila alipotoka. Jumapili jioni wote wanane walikuwa wakisukumana kunyonya, hata yule mgeni.

"Huruma yako ni nzuri," mama alimwambia, "lakini mnyama mgeni hutengwa kwanza, na wenye banda huambiwa. Ulisema ukweli ukijua nitakasirika. Wakubwa wengi hawawezi hilo. Ukweli huo ndio uliowaponya hawa."

Wacuka hakusikia yote. Alikuwa amesinzia kwenye benchi na buti zake miguuni. Mama alimvua, akamfunika shuka, akaketi kando yake apumzike kidogo tu. Naye usingizi ukamchukua.