Mwenye Lori Naye Yumo

Bi Mwanaharusi alikuwa muuza nafaka katika soko la Majengo, mjini Dodoma. Aliuza mtama, uwele na karanga. Zamani nafaka ilinunuliwa na serikali. Sasa biashara ilikuwa huria, na kila mwenye nguvu alijaribu bahati yake. Bi Mwanaharusi alijaribu, akapata. Yeye na mwanawe Swedi wakanunua lori kuukuu. Swedi aliliendesha mwenyewe, kijiji kwa kijiji, akikusanya mazao. Mama naye alikuwa na sufuria kubwa za shughuli. Kila harusi ya Majengo ilipikiwa ndani ya sufuria zake.

Swedi alikuwa na mke, jina lake Salha. Salha alikuwa Mnyarwanda. Swedi alikutana naye Ngara, wakati akipeleka mahindi kwenye kambi za wakimbizi. Kiswahili alikijua tangu utoto, kwani kwao Waislamu wengi wa mjini huzungumza Kiswahili. Mwanzoni Bi Mwanaharusi alinung'unika. "Umeniletea mke nisiyemjua wala nisiyewajua wazazi wake!" Lakini haukupita muda, manung'uniko yakaisha. Sasa ukimgusa Salha, umemgusa Bi Mwanaharusi. Jioni wawili hao waliketi uani wakichambua karanga, wakibishana kuhusu chumvi ya mboga kama mtu na dada yake.

Ikatokea wiki moja Salha akaacha kula. Ugali ulipoa mbele yake. Karanga alizichambua vibaya, akatupa nzima akaweka mbovu. Bi Mwanaharusi alimtazama, akatabasamu peke yake. Alikwenda sokoni akarudi na ukwaju.

"Haya, mkwe wangu," alisema. "Ukwaju huu hapa. Mbona habari njema unanificha?"

Salha aliutazama ukwaju, machozi yakamtoka.

"Si mimba, mama," alisema. "Laiti ingekuwa mimba."

Bi Mwanaharusi akavuta mkeka, akaketi karibu naye. "Basi ni nini, mwanangu?"

"Walikuja watu wawili, wewe ukiwa sokoni. Wametoka Arusha, kwenye ile mahakama ya Umoja wa Mataifa."

Bi Mwanaharusi aliwahi kuisikia mahakama hiyo redioni. Iliundwa kuwahukumu wakubwa wa mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994. Mauaji ya kimbari ni kuwaua watu kwa nia ya kulimaliza kabila lao. Salha hakuwahi kumsimulia habari za mwaka ule, naye hakuwahi kumwuliza.

"Wanataka nini kwako?"

"Wanataka niwe shahidi. Wamemkamata mfanyabiashara wa mji wetu. Anaitwa Damas."

Ndipo Salha akasimulia. Damas alikuwa rafiki wa marehemu baba yake. Mauaji yalipoanza, alimkuta Salha njiani peke yake. Akamchukua, akamficha katika ghala lake la maharage. Wakati huo mama yake Salha na ndugu zake walikuwa wamekimbilia shuleni, juu ya kilima, pamoja na watu wengi. Ghala lilikuwa na kidirisha. Salha alichungulia.

"Niliyaona malori yake, mama. Mwenyewe alisimama pale, mapipa ya dizeli yakaviringishwa, malori yakajazwa. Wanaume wenye mapanga na marungu wakapanda. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia madereva, 'Nendeni pale shuleni. Wakimaliza, warudisheni.' Malori yakaenda. Jioni yakarudi. Damas akaniletea chakula. Hakuniambia neno lolote kuhusu mama yangu."

Bi Mwanaharusi alimkumbatia, akamlaza kifuani kama mtoto. Walikaa hivyo mpaka jua likaondoka uani.

Kisha akauliza polepole, "Huyo Damas, yeye aliua?"

"Kwa mkono wake, hapana."

"Na wewe alikuokoa?"

"Aliniokoa."

"Basi, mwanangu, mwachie Mungu. Mtu aliyekupa uhai humvishi kitanzi shingoni."

Swedi aliporudi, mama yake alimweleza. Swedi alimwonea mkewe huruma, lakini lile jambo la lori lilimkaa vibaya.

"Lori haliui mtu," alisema. "Mimi hupakia mizigo ya watu kila siku. Mtu nikimbeba leo, kesho akafanya uovu, na mimi nifungwe? Waliokamata mapanga ndio wauaji. Mwenye lori ana kosa gani?"

Salha aliinuka, akaingia chumbani. Asubuhi alisema neno moja tu: "Wakirudi, nitawaambia sikuona kitu."

Mtu angedhani neno hilo litampa raha. Haikuwa hivyo. Salha alizidi kukonda. Alipika, akafua, akasali, lakini alikuwa kama mgeni nyumbani mwake. Bi Mwanaharusi alijilaumu. Alijiona amempa shauri jepesi mtu mwenye mzigo mzito.

Akamkumbuka Rubina. Rubina alikuwa binti wa Gulzar, muuza vitambaa wa mtaa wa pili. Alisoma sheria Dar es Salaam, sasa aliishi Ipagala, pale pale mjini, na kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu wasio na mawakili. Alipokuwa mdogo alishinda kibandani kwa Bi Mwanaharusi akila karanga za bure. Hata sasa alizifuata karanga hizo hizo.

"Shikamoo, Bi Mwanaharusi," alisalimia alipofika.

"Marahaba, mwanangu. Leo karanga baadaye. Njoo nyumbani, nina jambo."

Waliketi uani, Rubina, Bi Mwanaharusi, Swedi na Salha. Salha aliridhia kusimulia tena. Rubina alisikiliza bila kumkatiza. Salha alipomaliza, Rubina alisema:

"Pole sana, dada. Kwanza kabisa, habari hii isitoke nje ya ua huu. Shahidi hulindwa, na ulinzi wa kwanza ni midomo yetu."

"Imekufa hapa," Bi Mwanaharusi alisema. "Sasa tueleze. Mtu hakumpiga mtu hata kofi. Anashtakiwa kwa nini?"

Rubina akageukia pembe ya ua, zilikopangwa zile sufuria. "Bi Mwanaharusi, nikikodi sufuria zako kupikia pilau, halafu nikaenda kupikia pombe haramu ya gongo bila wewe kujua, polisi wakinikamata, wewe umo?"

"Gongo! Mungu apishe mbali. Mimi nitajuaje? Simo."

"Na kama nilikuambia wazi kuwa nakwenda kupika gongo, ukanipa sufuria, ukanipa na kuni?"

"Hapo nimo," Bi Mwanaharusi alikiri. "Nimo kabisa, hata kama sijaonja."

"Basi ndivyo sheria inavyosema. Watu wengi hawauawi na mtu mmoja. Ile ni kazi ya wengi. Kuna anayepanga. Kuna anayechochea. Kuna anayeamuru. Kuna anayeshika panga. Na kuna anayesaidia, kwa mafuta, kwa silaha, kwa gari. Kila mmoja hujibu kwa sehemu yake. Asiyeshika panga hawezi kusema mikono yake ni safi."

Swedi akasogeza kigoda chake. "Dada Rubina, mimi ni dereva. Niambie ukweli. Kila anayebeba watu yumo?"

"Hapana, kaka. Huulizwa mambo mawili. La kwanza, je, ulijua? La pili, je, msaada wako uliufanikisha ule uovu kwa kiasi kikubwa? Ukibeba abiria hujui moyoni ana nini, huna kosa. Lakini ukijua wanakwenda kuua, ukawasha gari, umeshiriki."

"Na wale madereva wake? Si waliamriwa tu?"

"Amri haimtoi mtu hatiani. Huenda ikampunguzia adhabu. Na mkubwa naye asiseme, 'Walioua ni vijana wangu, mimi nilikuwa ofisini.' Akijua walio chini yake wanaua, naye ana uwezo wa kuwazuia au kuwaadhibu, asifanye hivyo, atajibu."

"Na watoto wa Damas?" Salha aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza. "Nilisoma nao. Na kabila lake lote, je? Watu husema, wote ni wale wale."

"Watu husema hivyo, sheria haisemi. Kosa halirithiwi, wala kabila halishtakiwi. Anashtakiwa mtu, kwa alichokifanya yeye. Ndiyo maana mashahidi kama wewe wanatakiwa, ili mwenye kosa ajulikane kwa jina lake, na asiye na kosa aachwe."

Salha aliinamisha kichwa. "Lakini aliniokoa. Nitasimamaje mbele yake? Nimtazameje?"

"Wema wake ni wa kweli," Rubina alisema. "Useme pia, usiufiche. Majaji wataupima. Wala pale hakuna kitanzi, Bi Mwanaharusi. Adhabu kubwa kabisa ni kifungo cha maisha. Lakini dada, hebu fikiri. Kwa nini alikuficha?"

"Ili nisiuawe."

"Kwa hiyo alijua nini kuhusu wale wa shuleni?"

Salha alikaza macho chini.

"Alijua," alisema. "Alijua malori yake yanakwenda kufanya nini. Alijua mama yangu yuko kule."

Bi Mwanaharusi akamshika mkono. Swedi akafunika uso kwa viganja. Alikuwa akilikumbuka neno lake mwenyewe, kwamba lori haliui mtu.

"Mke wangu, nisamehe," alisema. "Nilikuwa nalitetea lori. Wewe ulikuwa unamlilia mama."

Rubina aliinuka. "Kwenda au kutokwenda ni shauri lako, dada. Mtu asikusukume, hata mimi. Ukienda, mahakama itakusafirisha na kukulinda. Utakaa nyuma ya pazia, watazamaji wasikuone, ila majaji na yeye Damas, na jina lako halitatajwa hadharani."

Siku chache zilipita. Bi Mwanaharusi alikuwa akipepeta mtama Salha aliposimama mbele yake.

"Mama, nitakwenda."

Bi Mwanaharusi akaweka ungo chini. "Nenda, mwanangu. Nilikupa shauri baya siku ile. Kaseme yote, mabaya na mema. Nasi tutakungoja hapa."

Salha akaenda Arusha. Nyumbani, Bi Mwanaharusi hakuweza kuketi. Alipika chakula cha watu watatu kwa mazoea. Swedi alikula sehemu ya mkewe.

Salha aliporudi alikuwa amechoka, lakini alikula. Alikula ugali na mlenda, akaomba tena. Kisha akawasimulia kwa sauti ya chini.

"Wakili wake aliniuliza, 'Bwana huyu hakukuokoa?' Nikasema aliniokoa. Akaniuliza, 'Ulimwona akimpiga mtu yeyote?' Nikasema sikumwona. Akasema, 'Basi huna la kumshtaki.' Nikamwambia, 'Malori hayakujiendesha. Dizeli haikujitia. Aliwaonyesha njia, naye alijua njia ile inafika wapi.'"

"Na yeye Damas?" Swedi aliuliza.

"Alikuwa anatazama meza."

Miezi ikaenda. Siku moja mkulima mmoja aitwaye Yotham alimfuata Swedi sokoni. Walijuana kwa biashara ya alizeti. Shamba la Yotham, upande wa Kongwa, lilikuwa limeliwa na ng'ombe wa wafugaji. Macho yake yalikuwa mekundu kwa hasira.

"Swedi, nahitaji lori alfajiri," alisema. "Nina vijana wa kubeba."

"Wa kwenda wapi?"

"Kwenye maboma ya wafugaji. Tukawafundishe adabu. Wewe shusha tu, ukae kwenye gari. Hutashika hata fimbo."

Swedi akamkazia macho. "Vijana wana nini mikononi?"

"Unauliza maswali ya nini? Wewe ni dereva."

"Kwa kuwa mimi ni dereva, ndiyo maana nauliza. Yotham ndugu yangu, katika maboma yale mna watoto. Mimi nikiwasha gari nikijua, nitakuwa nimewapiga mimi. Na wewe unayewakusanya utajibu kuliko wote, hata ukibaki nyumbani. Lori langu haliendi."

"Nitapata jingine."

"Hutapata. Nakwenda kuwaambia madereva wenzangu. Kisha nakwenda polisi."

Yotham alimwita msaliti, akaondoka. Swedi alifanya kama alivyosema. Alfajiri ile hakuna lori lililotoka. Polisi na wazee wa pande zote mbili walifika kijijini kabla fimbo haijainuliwa. Waliketi, wakabishana, wakaketi tena. Mwisho mwenye ng'ombe alilipa ndama na mbegu, na njia ya kupitisha mifugo ikawekewa mipaka. Yotham alinuna msimu mzima. Msimu wa pili alimletea Swedi gunia la alizeti, akaliweka chini, akasema, "Dereva, asante." Halafu akaondoka haraka kabla hajajibiwa.

Hukumu ya Arusha ilitangazwa redioni baadaye. Damas alipatikana na hatia ya kusaidia mauaji ya kimbari. Alifungwa miaka mingi. Majaji walisema kwamba alimficha msichana mmoja, na jambo hilo walilizingatia. Lakini halikuyafuta malori. Swedi alizima redio, akamtazama mkewe. Salha hakushangilia wala hakulia. Alisema tu, "Wameandika kwamba ilitokea."

Baadaye akamwambia mkwewe, "Mama, ndugu zangu hawakusomewa hitima. Sikuwahi hata kuyataja majina yao."

"Basi tutawasomea," Bi Mwanaharusi alisema.

Ijumaa, baada ya sala, majirani wa Majengo walijaa uani. Rubina alikuja na mama yake. Shehe aliuliza majina ya marehemu. Salha akasema: "Mama yangu, Zaituni. Kaka yangu Idrisa. Dada yangu Asumini. Na Musa, mdogo wetu."

Bi Mwanaharusi, aliyeketi ubavuni pake, aliyarudia moja moja kwa sauti ndogo, Zaituni, Idrisa, Asumini, Musa, kisha akayarudia tena, mpaka akahakikisha ameyahifadhi.