Glovu Mbili

Jumatano moja ya mwezi wa Juni, mwaka 1995, Mzee Twalibu Sumari alirudi nyumbani kwake Daraja Mbili kutoka kuosha maiti. Alivua kandambili mlangoni. Binti yake Mastura, aliyekuwa jikoni akichambua mchele, alimwuliza bila kuinua uso:

"Shikamoo, Baba. Kile kidonda cha mgongoni ulikiziba kwa pamba?"

"Marahaba," alijibu, akapita.

Alikuwa amefika chumbani, mkono mmoja umeshatoka kwenye shati, ndipo swali lilipomfikia. Marehemu wa siku ile alikuwa fundi baiskeli, Mrangi, jina lake Omari Kidolezi. Waliomwosha walikuwa watatu, lakini wawili walimwaga maji tu, macho pembeni kama alivyowafundisha. Kidonda alikiona yeye peke yake, kwa sababu yeye ndiye aliyemgeuza maiti. Hakumwambia mtu.

Alirudi jikoni na shati lake nusu.

"Nani kakwambia habari ya kidonda?"

Mastura alimtazama kwa mshangao. "Kidonda gani, Baba?"

Mzee Twalibu alikuwa ameosha maiti kwa miaka ishirini na sita. Mwili hukaa chini ya shuka, mkono wa mwoshaji huzungushiwa kitambaa, na aibu atakayoiona mwoshaji huzikwa pamoja na mwenye nayo. Hiyo ndiyo amana ya kazi, na watu wa msikitini walimheshimu kwa amana hiyo. Mkewe alikuwa amefariki miaka mitano nyuma, na katika nyumba ile ya vyumba viwili walibaki yeye na Mastura, msichana wa miaka kumi na tisa, mkimya, mshonaji mzuri wa sanda.

Siku ya pili Mastura hakula. Siku ya tatu harufu ya kafuri ilianza kutoka chumbani kwake, kafuri na nguo mbichi, ingawa kafuri yote ya Mzee ilikuwa ndani ya kopo, na kopo lilikuwa msikitini. Siku ya nne, baada ya sala ya alasiri, ukungu wa Meru umeshuka mpaka kwenye mabati, sauti ilitoka kinywani mwa binti.

Haikuwa sauti ya kike wala ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, ya taratibu, yenye adabu, kama karani anayesoma majina ya watu waliokwisha kufika.

"Selemani bin Abdi, wa Unga Limited. Alikuwa na chale za mganga chini ya kwapa, naye alikuwa akiwahubiria watu waache waganga. Athmani bin Mkwizu, mwalimu. Mgongoni alikuwa na alama za fimbo, na aliyemchapa ni mwanawe wa kumzaa. Omari bin Kidolezi..."

"Nyamaza!" Mzee Twalibu alimziba binti yake mdomo kwa kiganja. Sauti iliendelea chini ya kiganja, bila haraka, na midomo ya Mastura haikucheza.

Jirani yao alikuwa mama wa Kichaga, Mkatoliki kutoka Rombo, jina lake Evaresta, na watu walimwita Mama Romanus. Aliingia na bakuli la mtori wa ndizi, akainusa hewa.

"Baba Mastura, mambo ya dini yenu siyajui. Lakini hii si malaria. Mtori wangu hata mgonjwa wa kulazwa hulamba bakuli, na huyu mtoto hata kijiko hajakigusa."

"Ongea polepole, Mama Romanus. Atakusikia."

"Nani? Mastura?"

Kichwa cha binti kiligeuka kwenye mto. "Wewe sikufahamu, mama," ilisema ile sauti. "Wala mtu wako hakuwahi kulala mbele yangu. Nenda salama."

Mama Romanus aliweka bakuli sakafuni, akapiga ishara ya msalaba, akatoka kinyumenyume. Lakini ni lazima isemwe kwamba kesho yake alirudi na mtori mwingine, na siku iliyofuata pia.

Kufikia siku ya saba watu walikuwa wakisimama nje ya ukuta alasiri kusikiliza. Wengine walikuja kwa umbea, wengine kwa hofu, maana kila mmoja alikuwa na baba au kaka aliyepita mikononi mwa Mzee Twalibu, na yalipotajwa majina, jina la mtu na la baba yake na la mahali alipokaa, kulikuwa na mtu aliyeanza kulia ukutani, na mwingine aliyeondoka ameinamisha kichwa, na mwingine aliyerusha jiwe juu ya bati akapiga kelele kwamba mwoshaji huyu amewauza marehemu wetu, na ndani ya chumba Mzee Twalibu alishika mguu wa binti yake, akaona vidole vyake vinakutana kwa jinsi mguu ulivyokonda, akajua kwamba sauti ile ilikuwa ikimla mtoto neno kwa neno na kwamba majina yalikuwa bado mengi sana.

Maalim Yahaya Mdee, Mpare wa Ugweno, aliitwa asubuhi ya siku ya nane. Alikuwa mtu mfupi mwenye kikohozi, asiyevaa hirizi wala kuuza maji ya kombe. Alikaa kitako karibu na kitanda, akasoma. Kila aya aliyosoma, sauti iliisoma pamoja naye, kwa matamshi mazuri kuliko yake.

Maalim aliacha kusoma, akafuta jasho. "Umeingia kwa njia gani?"

"Sikuingia. Nililetwa."

"Na nani?"

"Mwenye nyumba. Alinibeba kifuani miaka mingi. Mwaka jana alinifungulia mlango, nikapata sauti."

"Umewataja watu wengi. Mbona mwenye nyumba humtaji?"

Sauti ilitafuta, kama karani anayepekua daftari. "Huyo simjui. Najua alichokitazama yeye. Nafsi yake hajaitazama hata siku moja."

Mzee Twalibu alikuwa amesimama mlangoni. Alitaka kukasirika, hasira haikuja.

Maalim Yahaya alimshika mkono, akampeleka uani. "Mzee wangu, dawa yangu inaishia hapa. Umeosha watu miaka ishirini na sita. Wewe umejiosha lini? Sisemi josho la maji."

"Nasali tano. Nafunga. Sijadhulumu mtu."

"Basi kaa baada ya Alfajiri mpaka jua litoke. Jilaze mbele yako mwenyewe. Jivue kama unavyowavua wale, nguo moja moja, usiruke hata moja. Utakachokikuta, kipeleke kwa mwenyewe. Mungu anasamehe haki yake, ya mtu anamwachia mtu."

"Na mtoto?"

"Sina la kukuficha. Hatafika wiki mbili."

Alfajiri ya kwanza Mzee Twalibu alikaa juu ya msala, akahesabu. Sala zilizompita akiwa mgonjwa. Neno kali alilomwambia marehemu mkewe. Siku aliyomkatalia mgeni chakula. Aliona ni mengi, akaomba msamaha, machozi yakamtoka, akajisikia vizuri.

"Hizo ni nguo za juu," ilisema sauti kutoka chumba cha pili.

Alfajiri ya pili hakulia. Alikumbuka jinsi watu walivyosogea kumpa nafasi kwenye benchi la kahawa, na jinsi alivyochelewa makusudi ili wasogee. Alikumbuka kwamba kila alipomwona tajiri amelala uchi juu ya ubao, kitu kilitabasamu ndani yake. Alijua siri za mji mzima na hakuzisema, na kwa kutozisema alijiona bora kuliko wote. Maiti aliwafunika kwa shuka, na moyoni aliwatandaza kama bidhaa za mnadani.

Sauti haikusema kitu.

Alfajiri ya tatu ndipo alipomkuta Kassimu Lemayian.

Kassimu alikuwa dalali wa mawe ya thamani ya Mererani, mmoja wa vijana walioinuka haraka miaka ile biashara ilipofunguliwa: pikapu, nyumba ya kupanga yenye vigae, mke mzuri wa Kiarusha, Simaloi, aliyesilimu kwa ajili yake na kukaanga vitumbua vilivyoisha kabla ya saa mbili asubuhi. Kassimu alikonda kwa miezi minane, akafa Novemba 1994. Alikufa kwa nini, hakuna daktari aliyesema. Baada ya mazishi, kwenye benchi la kahawa, mtu mmoja aliuliza: "Mzee Twalibu, kijana yule kapatwa na nini hasa?"

"Mimi ya maiti siyasemi," alijibu. Akanywa funda moja. "Ninachoweza kusema, yule nilimwosha kwa glovu mbili."

Benchi zima lilinyamaza. Mtu mmoja alitua kikombe chake chini. Ukimya ule ulimpendeza Mzee Twalibu. Alimaliza kahawa yake taratibu ili usiishe.

Kabla ya Ijumaa iliyofuata, vitumbua vya Simaloi vililala kwenye sinia. Ndugu wa mume walichukua pikapu, mwenye nyumba akampa siku tatu, na alipopita njiani akina mama walivuta watoto. Alirudi kwa kaka yake, Kikatiti. Na kwa miezi saba Mzee Twalibu alijiambia kwamba hakuwa amesema kitu.

Juu ya msala alisema kwa sauti: "Mimi ndiye niliyesema." Kutoka chumba cha pili alisikia kilio, chembamba, cha Mastura mwenyewe. Hakuwa ameisikia sauti ya mwanawe kwa siku saba.

Aliondoka asubuhi ile ile. Huko Kikatiti, kaka mtu, Lemburis, mkulima wa Kilutheri, alimwamkia na kumpeleka nyuma ya migomba. Simaloi alikuwa amelala kwenye mkeka juani, kanga imebaki kubwa juu yake. Alipomtambua mgeni alijitahidi kukaa.

"Shikamoo, Mzee Twalibu. Tangu Novemba hajafika hapa mtu wa msikitini. Wewe ndiye wa kwanza. Mungu akulipe."

"Usiniombee, mwanangu," alisema, akapiga magoti kwenye udongo. Alimweleza yote: benchi, kahawa, maneno yenyewe, na ukimya alivyoupenda.

Simaloi alisikiliza mpaka mwisho. Kuku walikuwa wakiparura karibu na miguu yao.

"Ulizivaa kweli?" aliuliza.

"Nini?"

"Hizo glovu."

Mzee Twalibu alifungua mdomo kujibu, na kwa mara ya kwanza aliutazama mkono wake wa siku ile. Aliona kitambaa cheupe, kama siku zote. Msikitini hapakuwa na glovu. Hapajawahi kuwa nazo.

"Sikuzivaa," alisema. "Hazikuwepo."

Simaloi alijilaza tena, akafunika uso kwa pembe ya kanga. Alikaa hivyo muda mrefu, mabega yakitetemeka, hata Lemburis akasogea kutaka kumwondoa mgeni. Kisha alisema, uso bado umefunikwa:

"Mimi nakwenda, Mzee, na sitaki kwenda nimekamata shati la mtu. Langu nimekusamehe. Mtoto wako apone. Lakini la Kassimu si langu. Yeye ndiye aliyelala mbele yako, akakuamini."

Alipofika mjini jua lilikuwa bado juu. Alipitia makaburini, akasimama kwenye kaburi la Kassimu Lemayian, ambalo magugu yalikuwa yamelifunika, akayasema tena yote, pamoja na habari ya kitambaa. Alingoja. Aling'oa magugu kwa mikono, akangoja tena, mpaka mlinzi wa makaburi alipomwambia kwa upole aende nyumbani.

Mama Romanus alikuwa mlangoni, anacheka huku analia. "Amekula, Baba Mastura! Bakuli mbili! Tangu saa sita mchana anaongea kama mtu, ananiuliza kwa nini amekonda!"

Aliingia. Hewa ya chumbani ilikuwa safi. Mastura alikuwa ameegemea ukuta, macho makubwa katika uso mdogo, lakini macho yake mwenyewe.

"Shikamoo, Baba."

Mzee Twalibu alifungua kinywa kumjibu. Sauti iliyotoka ilikuwa ya taratibu, yenye adabu.

"Twalibu bin Sumari, wa Daraja Mbili," ilianza.

Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, akauma meno mpaka ikanyamaza. Kisha aliweka kiganja chake juu ya kichwa cha binti yake. Aliishi miaka tisa zaidi, akaosha maiti wengi, na kila Ijumaa alionekana kwenye kaburi la Kassimu. Lakini hakusema tena na mtu, asije akaifungulia ile sauti mlango, na Mastura kila alipomwamkia, aliitikiwa kwa mkono.