Dakika Sita Ndani ya Mfuko Mweusi

Tik, tik. Kimya kidogo. Kisha mlio mwembamba wa skrubu ikilegea.

Kulikuwa bado hakujapambazuka. Atuganile alisikiliza akiwa kitandani, akajua kwamba mkono-fundi umeanza kazi kwenye meza ya jikoni. Akavaa sweta, maana Iringa ya mwezi wa Juni ni baridi hata siku hizi ambapo nyumba hujipasha moto zenyewe, akaenda kutazama.

Mkono ule ulikuwa mwembamba, wa rangi ya maziwa, wenye vidole saba na taa ndogo kwenye ncha ya kila kidole. Karibu kila nyumba mjini ilikuwa nao. Ulitengeneza pasi, miwani, saa na vyerehani. Ujuzi wake wote uliupata kwa kutazama. Zamani kidogo, mafundi elfu kumi na mbili walifanya kazi zao mbele ya mashine zenye macho, na kila walichokifanya kwa vidole vyao kikahifadhiwa ndani ya mikono ya namna hii.

Leo ulikuwa umeinamia kamera ya filamu. Ulikuwa umeshafungua kifuniko cha juu, ukasafisha kutu, ukanyoosha gia moja ndogo kuliko punje ya mtama. Atuganile alikuwa muuguzi kwa miaka thelathini na minne, na alipenda kuona mikono inayojua kazi yake. Lakini kilichomgusa zaidi kilikuwa kitu kidogo. Kabla ya kulegeza skrubu yoyote, mkono ulitandika kitambaa na kukunja ukingo wake, ili skrubu ikidondoka isikimbie.

"Nani alikufundisha hicho kitambaa?" aliuliza.

"Fundi namba mia nne na kumi na saba," mkono ulijibu kwa sauti ya chini. "Mafundi wengine wa kamera hawatandiki."

"Ana roho nzuri huyo."

"Sina kipimo cha roho, Bi Atuganile. Ila skrubu zake hazipotei."

Atuganile alicheka, akaweka maji ya chai.

Kamera ilikuwa ya marehemu baba yake. Aliikuta ndani ya sanduku la nguo, imekwama, na kidirisha chake cha hesabu kikionyesha ishirini na mbili. Maana yake filamu ilikuwa bado imo ndani, na ilikuwa na picha ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziona. Baba alizipiga miaka arobaini na miwili iliyopita, mwaka ambao mama alifariki.

Si kwamba Atuganile hakuwa na picha za mama. Alikuwa nazo nyingi kwa mtunza-picha, mashine inayohifadhi picha za familia na kuzisafisha kila mwaka. Huo ndio ulikuwa msiba wake. Mwaka mmoja mtunza-picha aliondoa kivuli, mwaka mwingine akaondoa mkunjo, na mwaka mwingine kovu la kwenye paji la uso. Sasa mama alikuwa mwanamke mzuri tu, kama wanawake wazuri wote. Na Atuganile, mtoto wake wa kumzaa, hakukumbuka tena kama lile kovu lilikuwa kulia au kushoto. Hakuwahi kumwambia mtu. Aliona haya.

Chai ilipoiva, mkono ulisimama.

"Hapa sijui," ulisema.

Atuganile hakuwahi kuusikia ukisema hivyo. "Hujui nini?"

"Filamu imechanika matundu yake, hairudi ndani ya kopo. Lazima kamera ifunguliwe nyuma, na mwanga ukiingia picha zote zinaungua. Fundi wangu, yule wa kitambaa, aliingiza kamera na mikono yake ndani ya mfuko mweusi. Alikaa humo dakika sita, akaitoa filamu ikiwa salama. Nilikuwa natazama, lakini sikuona."

"Nikijaribu mwenyewe gizani?"

"Filamu imekauka kama jani. Mkono usiozoea utaivunja."

"Basi niulizie huyo fundi wako ni nani."

Mkono uliwauliza wanaotunza kumbukumbu zake. Jibu lilikuja kabla jua halijapanda. Alikuwa hai. Aliitwa Mzee Kalinga, na alikaa Mtwivila, upande wa pili wa mji uleule. Siku aliporekodiwa alijaza fomu akaandika kwamba yeyote atakayetaka kumwona aje, amekaribishwa.

"Wameniambia na jambo jingine," mkono uliongeza. "Ujuzi wake uko katika nyumba elfu arobaini. Katika miaka kumi na tisa, wewe ni wa kwanza kuuliza jina lake."

Atuganile aliweka kikombe chini. Kisha akaukunja mkono ndani ya kikapu, akafunga kamera kwa kitenge, akapanda behewa la angani.

Mzee Kalinga alikuwa na miaka themanini na minane. Alifungua mlango mwenyewe, kwa haraka, kama mtu aliyekuwa amekaa karibu nao.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umepotea?"

"Sijapotea. Nimekuletea kamera."

Mzee alimtazama yeye, akaitazama kamera, akapangusa kiti ambacho hakikuwa na vumbi. Atuganile alipoutoa mkono kikapuni na kumweleza kwamba ulijifunza kwake, mzee aliuzunguka kama anayekagua mbuzi mnadani.

"Kwa hiyo huyu ndiye mimi? Mbona mwembamba hivi?"

"Shikamoo, fundi," ulisema mkono, ukatandika kitambaa mezani na kukunja ukingo.

Mzee alipiga kofi pajani. "Kitambaa! Jamani! Hicho ni cha marehemu mke wangu. Alichoka kupiga magoti kunitafutia skrubu chini ya kabati. Akaniambia, mume wangu, tandika kitambaa au utafute mke mwingine mwenye magoti mapya."

Walicheka wote wawili. Kisha Atuganile akamweleza habari ya mama na kovu, yote, hata ile aibu yake. Mzee aliinyanyua mikono yake. Wa kushoto ulitulia. Wa kulia ulitetemeka kama jani.

"Kwa mkono mmoja siwezi," alisema.

"Mimi ni mkono mmoja," ulisema mkono-fundi.

Mfuko mweusi ulikuwa bado umening'inia kwenye msumari wake. Ulikuwa wa kitambaa cha tabaka mbili, wenye mikono kama ya shati. Kamera iliwekwa ndani pamoja na tangi dogo lisilopitisha mwanga. Mzee akaingiza mkono wake kushoto, na mkono-fundi ukaingia kulia.

"Zima vitaa vyako."

"Nikizima sitaona."

"Kwani mimi naona? Gusa. Umepewa vidole saba vya nini?"

Vitaa vikazimika. Atuganile alishika pindo la kiti. Alisikia kamera ikifunguka, kisha mlio mkavu, kama wa karatasi.

"Usivute," alisema mzee, akiwa amefumba macho. "Isubiri. Ikikaza, rudi nyuma kidogo. Unaisikia?"

"Naisikia. Inakataa upande wa juu."

"Basi iache juu, anza chini. Hivyo. Hivyohivyo, mwanangu."

Zilipita dakika sita, zikapita kumi na tisa. Mfuko ulipofunguliwa, tangi lilikuwa limefungwa na filamu yote ilikuwa ndani.

Mkono ulichanganya dawa za kutokeza picha kwa vipimo alivyotaja mzee, ukazimimina ndani ya tangi. Walipoitundika filamu kwenye kamba, sehemu kubwa ilikuwa imeingia ukungu wa miaka. Picha nne tu ndizo zilizopona. Mkono uliimulika moja ukutani.

"Tafadhali usiisafishe," Atuganile alisema.

"Nimegeuza nyeusi iwe nyeupe na nyeupe iwe nyeusi tu. Mengine ni yake."

Mama alikuwa ameshika beseni, anamcheka mpiga picha. Mashavu yalikuwa mapana na kope zimechoka. Kovu lilikuwa kushoto, juu kabisa ya nyusi, refu kuliko Atuganile alivyodhani. Alikwenda ukutani akaliwekea kidole, akasimama hapo muda mrefu. Mzee Kalinga alijishughulisha na kukunja mfuko, asije akamtazama mtu anayelia.

Baadaye walikunywa chai.

"Uliwachukia waliokurekodi?" Atuganile aliuliza.

"Hapana. Nilifundisha kwa wiki tatu, nikafurahi. Kazi inafanyika, tena vizuri, nimeona leo. Ila mwaka uliofuata watu waliacha kuja. Mtu akileta kamera alikuwa anakaa, unajua? Anasubiri. Anakueleza habari za kwao." Alizungusha kikombe chake. "Hilo hawakulirekodi."

Atuganile alifunga kamera kwenye kitenge. Ilikuwa nzima sasa, ikifyatua bila kukwama. Mzee alimsindikiza hadi kwenye ngazi za kituo, polepole, akabeba kikapu chenye mkono ingawa Atuganile alikataa.

"Basi uje tena, mwanangu," alisema akimkabidhi kikapu. "Hata kama hakuna kilichoharibika."